Tuiiteje bustani ya watoto wetu?



Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), aliyemfundisha baba yetu Adam (AS) majina ya vitu vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ambaye alipokutana na jina baya hakulipuuza, bali alilibadili kwa jina jema.

Ndugu wasomaji, wiki hii tunaleta katika ukurasa huu jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo, nalo ni jina la kiwanja cha michezo ya watoto. Sisi katika kamati ya msikiti hapa Kilakala tuliliona dogo vilevile. Lililetwa mbele yetu jioni moja ya mwezi huu wa Shaaban, baada ya sala ya Isha, nasi tukadhani tutalimaliza kabla taa hazijazimwa. Limetuchukua vikao vitatu, na katika kikao cha pili mmoja wa wazee wetu aliondoka kabla ya dua ya kufungia. Tumeona ni wajibu kuwaeleza yaliyotokea, kwa kuwa maswali kama haya huwafikia Waislamu wa miji mingine pia, na aghalabu huwafikia wakati rangi ya kibao imekwisha kauka.

Kijana wetu mmoja, aliyesoma juzuu zake za mwanzo katika madrasa yetu, amepewa na wajomba zake sehemu ya kiwanja cha ukoo upande wa mlimani. Kiwanja hicho kina mwembe mkubwa ambao sisi wenyewe tuliokota maembe yake utotoni. Kijana amekopa fedha, amesawazisha ardhi, ameweka bembea, amejenga ngazi na mteremko wa kutelezea, na amenunua lile jumba la hewa ambalo watoto hurukaruka ndani yake. Ukuta wa uwanja ameuchora picha za filamu za watoto: simba anayezungumza, samaki anayemtafuta mwanawe, na mashujaa wanaoruka angani. Nia yake ni kwamba jioni, watoto wakichoka kucheza, waketi chini ya mwembe waangalie filamu kwenye kitambaa cheupe. Anataka kufungua siku ya Idi.

Alikuwa amekwisha agiza kibao, na nusu ya malipo ya mchoraji amekwisha toa. Kibao kingesomeka “Hollywood Kilakala”. Mama zetu wa mtaani waliposikia, walimwambia kuwa watoto wao hawatakanyaga mahali penye jina hilo mpaka wasikie neno la msikiti. Ndipo akaja kwetu, akaketi karibu na mlango kama afanyavyo mtu mwenye haja, akasema: “Masheikh zangu, nipeni jina.”

Hoja mbili za kikao cha kwanza

Mzee wetu, ambaye ni mkubwa kuliko wote katika kamati, ndiye aliyesema wa kwanza. “Katibu, andika kwamba mimi sikubali. Msikiti hauipi jina sinema. Leo mtawapa jina, kesho watu watasema msikiti umeibariki.”

Mwakilishi wa akina mama alimjibu kwa adabu, lakini bila kuyumba. “Mzee wangu, unisamehe. Wakati huu tunaozungumza, wapo wajukuu zetu ndani ya kibanda umiza, mlango umefungwa, wanaangalia vitu ambavyo mimi na wewe hatuvijui. Juma lililopita niliingia mwenyewe kumtoa wangu. Hakuna aliyeniuliza kibanda kile kinaitwaje, wala kamati haikukaa kikao kwa ajili yake.”

Tukanyamaza sote, kwa sababu alisema kweli. Mtoto wa Kilakala hakungoja bustani hii ndipo aijue filamu. Filamu zimo katika simu za wazazi wake na katika vibanda vya mitaani, na sehemu kubwa huziangalia peke yake. Kwa hiyo tuliamua kutenganisha mambo mawili. Kwanza tuulize kama kiwanja chenyewe kinafaa na kwa masharti gani. Pili, kikifaa, tuulize kiitweje. Sehemu ya kwanza tutaieleza mwishoni. Ya pili ndiyo iliyotusumbua zaidi.

Jina la kukopa

Kijana alitueleza sababu ya kuchagua Hollywood: kila mtu analijua, na mtoto akilisikia anajua pana filamu. Tukamwomba asubiri kikao cha pili, nasi tukalichunguza jina hilo kidogo. Hollywood ni mtaa wa mji wa Los Angeles nchini Marekani. Kibao chake maarufu kilicho mlimani kiliwekwa mwaka 1923, na wakati huo kilisomeka “Hollywoodland”. Hakikuwekwa kwa ajili ya filamu hata kidogo. Kilikuwa tangazo la kuuza viwanja vya nyumba. Herufi nne za mwisho ziliondolewa mwaka 1949. Jina ambalo kijana wetu alitaka kulileta chini ya Uluguru kama alama ya filamu, kwenye kibao kile lilianza kama tangazo la dalali wa viwanja.

Wenye bustani kubwa za filamu duniani nao wamesumbuliwa na majina ya namna hii. Mwaka 1989 kampuni ya Disney ilifungua huko Florida bustani ya burudani iliyojengwa kwa sura ya viwanda vya filamu, ikaiita Disney-MGM Studios. Herufi MGM hazikuwa zake. Zilikuwa za kampuni nyingine, ile yenye nembo ya simba anayenguruma, na Disney ilizitumia kwa mkataba. Januari 2008 herufi hizo ziliondolewa na bustani ikaitwa Disney's Hollywood Studios, ingawa Hollywood yenyewe iko upande wa pili wa nchi. Hata hapo tatizo halikwisha. Neno “Studios” lilifaa mwanzoni, kwa sababu filamu na vipindi vya televisheni vilitengenezwa pale kweli na wageni walipitishwa kuona. Shughuli hizo zilipokoma, jina likabaki likieleza kazi isiyofanyika tena. Mwaka 2015 mkuu wa kampuni alitangaza kuwa jina litabadilishwa, lakini miaka ikapita na jina likabaki lilelile.

Huko Bottrop, Ujerumani, ilifunguliwa mwaka 1996 bustani ya filamu yenye jina la kampuni ya Warner Bros. Bustani ilipobadili mmiliki, jina la kampuni nalo likaondoka, na tangu mwaka 2005 inaitwa Movie Park Germany. Karibu na Paris, bustani ya filamu iliyofunguliwa mwaka 2002 kwa jina la Walt Disney Studios Park ilitangaziwa jina jipya mwaka 2024.

Hawa ni watu wenye fedha na wanasheria, na bado wamelazimika kubadili vibao. Tumeona sababu zao ni mbili. Ama jina lilikuwa la mtu mwingine, mwenyewe akalichukua. Ama lilieleza kitu kinachopita, nacho kikapita. Kijana wetu mwenye mkopo na bembea sita hawezi kubeba gharama ya namna hiyo.

Na hapa kwetu pana suala la haki pia. Jina la biashara nchini husajiliwa BRELA, na alama za biashara zina wenyewe wanaolindwa na sheria. Wapo ndugu zetu wanaodhani kuwa jina la kampuni ya ng'ambo, au picha ya mhusika wa filamu, ni kama mvua inayonyeshea kila mtu. Sivyo. Ni mali ya mtu, na Muislamu hachukui mali ya mtu bila idhini yake, hata kama mwenyewe yuko mbali na hatamwona. Tulimwambia kijana jambo hili kuhusu kibao, kisha tukalazimika kumwambia hivyohivyo kuhusu ukuta wake. Halikumfurahisha, kwa sababu rangi ya ukutani aliinunua kwa fedha yake mwenyewe. Lakini aliahidi kuwafuta mashujaa wale na kuchora wanyama wa Mikumi.

Majina yaliyokaa na majina yaliyoondoka

Tusiende mbali. Unguja, nyumba ya sinema iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 iliitwa Royal, yaani ya kifalme, na baadaye ikaitwa Majestic. Nyingine iliitwa Sultana, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ikawa Cine Afrique. Dar es Salaam zilikuwapo Empire, Odeon na Avalon. Ukiyatazama majina hayo utaona kuwa mengi yalitoka Uingereza, au yaliegemea kiti cha enzi. Kiti kilipoondoka, jina lililokiegemea likaanguka.

Mfano uliotugusa zaidi ni wa bustani ya Forodhani, ambayo wasomaji wetu waliofika Mji Mkongwe wanaijua. Ilifunguliwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultan Khalifa, ikaitwa bustani ya Jubilii. Baada ya Mapinduzi ikapewa jina la Jamhuri. Yote mawili ni majina ya heshima, kila moja katika zama zake. Lakini ukishuka bandarini Unguja leo ukamwomba kijana akupeleke mahali watu wanapokula urojo na mishikaki jioni, atasema Forodhani. Pale palikuwa na forodha, watu wakapaita hivyo. Bustani ilipokarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, jina lililojulikana na wote lilikuwa hilo la watu.

Hapa kwetu Kilakala tunao ushahidi wa namna hiyo. Shule ya wasichana iliyo jirani yetu ilianzishwa na masista wa Maryknoll, nao wakaiita Marian College. Serikali ilipozichukua shule, ikaitwa kwa jina la mahali iliposimama, na leo mabinti wa Tanzania nzima wanajua jina la Kilakala kwa sababu ya shule ile. Hifadhi ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964, ina jina la mti unaoota huko. Kwa upande mwingine, mji wetu wenyewe uliwahi kuandikwa na wasafiri wa karne ya 19 kwa jina la Simbamwene, lililofungamana na utawala wa ukoo wa Kisabengo. Henry Stanley alipita hapo mwaka 1871. Utawala ule uliisha, na mji ukaendelea kwa jina la Morogoro.

Hatusemi kuwa jina la mtawala au la kampuni ni haramu. Tunasema kuwa jina linalotegemea kitu kingine huondoka pamoja na kitu hicho, na mwenye kiwanja kidogo ni bora achague jina lisilo na mwenyewe wa kulidai.

Alivyofanya Mtume (SAW)

Katika dini yetu, jina si pambo. Imepokewa katika Sahih Muslim kuwa Mtume (SAW) alimbadilishia jina mwanamke aliyeitwa Asiya, kwa maana ya mwenye kuasi, akamwita Jamila. Kwa kuwa mabinti wengi wa kwetu wanaitwa Asia, tufafanue ili mzazi asipate wasiwasi: jina la mke wa Firauni, mwanamke mwema, kwa Kiarabu huandikwa kwa herufi nyingine na maana yake ni nyingine. Mabinti zenu wana jina jema.

Imepokewa pia katika Sahih al-Bukhari habari ya babu yake Said bin al-Musayyab, aliyeitwa Hazn, yaani ugumu. Mtume (SAW) alimpendekezea jina la Sahl, lenye maana ya wepesi. Yeye akakataa, akisema hatabadili jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake alikuja kusimulia kuwa ugumu ule uliendelea kubaki katika ukoo wao. Na sote tunajua kuwa mji ulioitwa Yathrib uliitwa Madina baada ya Hijra, na jina la zamani likaachwa.

Katika habari hizi tunaona kuwa Mtume (SAW) aliangalia maana ambayo msikiaji angeipata na athari ambayo mwenye jina angeishi nayo. Wengi katika Masahaba waliendelea na majina waliyokuwa nayo kabla ya Uislamu, kwa sababu hayakuwa na ubaya.

Kosa letu

Hapa inatupasa kukiri jambo. Katika kikao cha pili, baada ya kusoma hadithi hizo, sisi tulioketi na kalamu tulijiona tunayo elimu ya kutosha. Tukapendekeza jina la Kiarabu lenye heshima, tukaliandika kwa herufi nzuri: “Bustani ya Firdaus”. Wajumbe kadhaa waliitikia kwa kutikisa kichwa, na kijana alikuwa tayari kulichukua alimradi aondoke na kitu mkononi.

Mwakilishi wa akina mama akauliza swali moja. “Siku mtoto akianguka kwenye bembea akavunjika mkono, mtatangaza kwamba ameanguka Firdaus? Na siku kijana akishindwa kulipa mkopo akamwuzia mtu mwingine, na huyo akaweka ngoma na pombe, kibao kitasemaje? Firdaus usiku huu?”

Mzee wetu, ambaye mpaka hapo hakuwa amekubaliana naye kwa lolote, alimuunga mkono. Akatukumbusha habari ya Shaddad, kama inavyosimuliwa na wazee, aliyejenga bustani kwa dhahabu na vito ili ifanane na Pepo, wala asijaliwe kuiingia. “Pepo mnaiandika kwenye bati?” akatuuliza. Kisha akasimama, akasema kuwa kamati inayochezea maneno ya namna hiyo haina haja ya mzee, akatoka.

Tulilifuta jina lile. Tuliona kuwa tulikuwa tumefanya kosa lilelile la kijana kwa njia nyingine. Yeye alikopa jina la wakubwa wa dunia ili kiwanja chake kionekane kikubwa. Sisi tulichukua jina tukufu ili kiwanja kionekane kitakatifu, hali hatukuwa na uhakika wa hata filamu moja itakayoonyeshwa pale. Jina jema likiwekwa juu ya kitu kisichochunguzwa huwa pazia, na mzazi akiliona atamwacha mtoto mlangoni arudi nyumbani akiamini kuwa msikiti umekwisha mwangalizia. Tunaona hatari hiyo kuwa kubwa kuliko ile ya jina la Hollywood, kwa sababu Hollywood angalau ingemfanya mzazi aulize.

Tulichokisikia kwa watoto

Siku mbili baadaye, baada ya darasa la jioni la madrasa, tuliwasikia watoto wakiagana. Mmoja akamwuliza mwenzake: “Kesho unakwenda Mwembeni?” Tukadhani wanazungumzia mahali pengine. Tulipouliza wakatushangaa kwamba hatujui. Mwembeni ni pale kwa kaka, penye bembea. Walikuwa wamepaita hivyo tangu siku ya kwanza kijana alipofunga kamba ya bembea kwenye tawi, kabla hajakopa wala kuagiza kibao.

Tukalipeleka neno hilo kwenye kikao cha tatu. Kijana mwanzoni alikataa. Alisema: “Mashekhe, mtu akitoka Msamvu au Kihonda akisikia Mwembeni, atajuaje kama kuna filamu? Miembe iko kila mahali Morogoro.” Hoja yake ina uzito, na hatukutaka kuidharau, kwa sababu mkopo ni wake na si wetu. Tulikubaliana kwamba chini ya jina, kwa herufi ndogo, yaandikwe maneno ya kueleza shughuli: michezo na filamu za watoto. Filamu zikikoma kesho, mstari wa chini utafutwa na jina litabaki. Mwembe wenyewe ukianguka, jina bado litakuwa na maana, kama vile Forodhani ilivyo na maana. Na hakuna kampuni itakayokuja kuudai.

Mchoraji wa kibao, Allah amlipe kheri, amekubali kupaka rangi juu ya maneno ya kwanza bila kuongeza malipo, ila bati jipya akitaka kijana atalinunua mwenyewe.

Masharti yaliyo nyuma ya jina

Sasa turudi kwenye sehemu ya kwanza ya swali, ambayo kwa hakika ndiyo kubwa. Kamati haikubariki kiwanja. Ilikubali kutompinga mwenye kiwanja kwa masharti ambayo yeye mwenyewe ameyatia saini, nasi tunayaandika hapa ili kila mzazi ayajue na amkumbushe.

Kwanza, kila filamu itazamwe yote na wazazi wasiopungua wawili, mmoja wao mama, kabla ya kuonyeshwa. Pili, kijana afuate taratibu za Bodi ya Filamu, kwa kuwa maonyesho ya filamu kwa umma nchini yanaongozwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, wala si jambo la mtu kufungua tu mlango wake. Tatu, kila onyesho liishe kabla ya Magharibi, ili mtoto asichaguzwe kati ya sala na simba anayezungumza. Nne, hakuna mtoto wa chini ya miaka saba atakayeingia bila mtu mzima. Tano, bembea na kamba zikaguliwe kila Ijumaa asubuhi. Hili lilitoka kwa fundi seremala mmoja wa jamaa zetu wa msikitini, na tunaona lina thamani kuliko mengi tuliyoyasema sisi.

Tulimwendea mzee wetu nyumbani kumpa habari. Alitupokea vizuri, tukanywa chai. Alipolisikia jina alitabasamu, kwani naye alipanda ule mwembe udogoni mwake. Lakini msimamo wake hakuubadili. “Jina ni zuri,” alisema. “Ila jina zuri halisafishi kilichomo. Mimi nitasubiri nione.” Tukamwomba arudi kwenye kamati ili asubiri pamoja nasi. Hajatujibu. Tunaandika haya tukitaraji kwamba atayasoma, na ajue kuwa kiti chake hakijakaliwa na mtu.

Kwake na kwenu nyote tunatoa ahadi hii: sharti lolote katika haya likivunjwa na lisirekebishwe, tutalisema katika ukurasa huuhuu, kwa uwazi uleule tuliotumia leo.

Kwenu wazazi na walezi, tuna ombi moja. Idi itakapofika, inshaallah, msiwapeleke watoto Mwembeni mkawaacha mlangoni. Ketini nao chini ya mti. Filamu ikiisha, mwulizeni mtoto ameona nini, nani alisema uongo, nani alimsaidia mwenzake, na yeye angefanya nini. Kazi hiyo haifanywi na kibao, wala na kamati ya msikiti.

Tunamwomba Allah (SW) atufikishe Ramadhan tukiwa na afya, awahifadhi watoto wetu katika michezo yao na katika dini yao, amfanyie wepesi kijana wetu katika deni lake, na aziunganishe nyoyo za wazee na vijana wa mji huu.

Wabillahi tawfiq.